Ziara ya Bait al Falaj na Ndege Yenye Mikia Miwili

Hotuba iliyosomwa mjini Sur katika mkutano wa ukoo





Kamati imenipa dakika 20 nitoe taarifa ya ziara yetu ya juzi Alkhamisi katika Makumbusho ya Majeshi ya Sultani, pale Bait al Falaj, Muscat. Mimi, kama mnavyonijua, ni mtu wa majalada. Nilianza ukarani Unguja, nikahamia huku mwaka 1985 nikiwa na miaka 25, na tangu hapo hadi kustaafu kwangu nimekaa nyuma ya meza ya serikali hapa hapa Sur nikiandika barua za watu wengine. Kwa hiyo nilitayarisha taarifa ya namna niliyoizoea: tuliondoka saa ngapi, tulikuwa wangapi, tumetumia riali ngapi. Taarifa hiyo ipo, na Mweka Hazina anayo. Lakini jana usiku nimeiweka kando na kuandika nyingine. Kijana mmoja wa Kamati, baada ya kuipitia, aliniomba niishie kwenye injini na mabawa, nisije nikawatia watu majonzi kabla ya chakula. Namwomba radhi mbele yenu.

Tuliondoka hapa baada ya sala ya Alfajiri, watu 43 katika mabasi mawili, tukashika njia ya pwani ya Qalhat na Quriyat, mwendo wa kilomita 200 hivi. Sisi tulioijua njia ya zamani ya kuzungukia Ibra, na vumbi lake, na maji ya wadi yanayokufungia njia hata siku mbili, tulikaa kimya tukitazama bahari. Watoto walilala.

Ngome ya Bait al Falaj ilijengwa mwaka 1845, zama za Seyyid Said bin Sultan, wakati yeye mwenyewe kiti chake kiko Unguja na karafuu zimekwisha kushika ardhi. Januari 1915 majeshi ya Imam Salim bin Rashid al-Kharusi, pamoja na watu wa Sharqiyah chini ya Sheikh Isa bin Salih al-Harthi, yalishuka kutoka bara kuishambulia Muscat, na hapo Bait al Falaj ndipo yaliporudishwa nyuma na askari wa Kihindi waliokuwa chini ya Waingereza. Ndugu zetu wa Ibra hawahitaji mimi niwasimulie hilo. Baadaye ngome ikawa makao makuu ya jeshi, na tangu mwaka 1988 ni makumbusho.

Jambo ambalo watoto hawakulisadiki ni kwamba pale Ruwi, penye mabenki na magari yasiyosogea, ndipo palipokuwa uwanja wa ndege wa Muscat. Bonde ni jembamba, milima imelizunguka, na rubani alitakiwa apite katikati ya majabali kabla ya kugusa chini. Uwanja ule ulitumika mpaka ulipofunguliwa wa Seeb mwaka 1973. Na hapo ndipo, Machi 1959, jeshi la anga la Sultani lilipoanza, likiwa na ndege chache tu za Pioneer na Provost, zote za pangaboi. Jeti za Strikemaster zikafuata mwaka 1969 kwa ajili ya vita vya Dhofar, kisha Hunter zilizotoka Jordan mwaka 1975, kisha Jaguar tangu mwaka 1977.

Haya yote hatukuyasoma ukutani. Tuliambiwa na Ami yetu, ambaye yuko hapa mstari wa mbele na ameniruhusu niseme. Ami, kwa wale wageni wa habari zake, alizaliwa Unguja, akaingia Oman mwaka 1972, na mwaka uliofuata akaandikishwa jeshi la anga kuwa fundi, kwa sababu alikuwa amesoma skuli na Kiingereza anakijua. Wengi wa Waomani waliotoka Afrika Mashariki walipata kazi kwa mlango huo huo. Alitumikia Salalah, Thumrait na Masirah, akastaafu mwaka 1995.

Askari aliyetutembeza, kijana mwenye adabu sana, alipotufikisha nje penye ndege na mizinga, alimsikia Ami akisema maneno mawili matatu, akanyamaza na kumwachia uwanja. Ami akawa kama amerudi ujanani. Aliweka kiganja juu ya bati la jeti ndogo akawaambia watoto kwamba jamaa za ndege hii wakati wa jua la Juni hazishikiki, ukiweka mkono unaacha ngozi, ndiyo maana kazi ilifanywa kabla ya alfajiri kwa taa. Akasema Salalah adui wa fundi ni manyunyu ya kharif, na Masirah adui ni chumvi, inakula bati kama mchwa anavyokula boriti. Akaeleza kwamba Strikemaster ilitokana na ndege ya kufundishia marubani, na ndiyo maana ina viti viwili ubavu kwa ubavu, kama gari. Akasimulia, kama alivyosimuliwa na waliomtangulia, habari za Mirbat tarehe 19 Julai 1972, mawingu yalipokuwa chini kabisa na marubani wakapita chini yake, baina ya wingu na bahari, kuwaokoa waliozingirwa.

Mjukuu mmoja, mtoto wa miaka tisa kutoka Leicester, akamwuliza: "Babu, na mabomu ulikuwa ukiyafunga wewe?"

Ami akamtazama kwa muda. Akasema: "Mabomu yalikuwa na watu wake. Roketi nimezifunga."

Wakati huo Shangazi yetu mkubwa, ambaye ana miaka 77 kwa hesabu ya makisio, alikuwa amekaa kivulini na bakora yake. Akamwita yule askari, akamwuliza kwa Kiarabu: "Mwanangu, ile ndege yenye mikia miwili mmeiweka wapi?" Askari akamjibu kwa upole kwamba ndege ya namna hiyo haipo hapa. Watoto wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikwenda kumshika mkono ili tuendelee mbele, maana sisi sote tuliolelewa nyumba ile ya Unguja tunaijua "ndege yenye mikia miwili."

Nitaeleza. Shangazi alizaliwa Tanuf, chini ya Jabal Akhdhar, karibu na Nizwa. Aliletwa Unguja kwa kaka yake, yaani baba yangu, akiwa mtoto wa miaka tisa au kumi. Alipofika, akiitwa Mmanga kwa sababu Kiswahili hakijui, alikuwa akisimulia kwamba ndege yenye mikia miwili ilikuja ikavunja nyumba za mji wao. Watoto wa nyumbani wakamcheka. Ndege gani ina mikia miwili? Wakampa jina hilo, wakamwita Mikia Miwili. Mimi nilizaliwa baadaye, nikalikuta jina limekwisha kuota mizizi, na nikimwona amekasirika nilikuwa nikilitaja makusudi na kukimbia. Mwishowe hakusimulia tena. Ikawa ni hadithi ya zimwi.

Pale Bait al Falaj watoto walipocheka, Ami hakucheka. Alimwendea, akavuta kiti, akakaa mbele yake. Akamwuliza: "Dada, ile ndege, uliisikia kwanza au uliiona kwanza?"

Shangazi akasema: "Iliona sisi kwanza. Ilipita, kelele ikaja nyuma yake."

"Ilikuwa na pangaboi?"

"Haikuwa nayo. Ile kubwa iliyomwaga karatasi ndiyo iliyokuwa nayo, manne. Hizi ndogo zilikuja baadaye."

Ami akatoa kalamu, akachora nyuma ya karatasi ya ratiba yetu: mwili mfupi kama yai, na kutoka kila bawa fito moja imekwenda nyuma, na fito zote mbili zimeunganishwa mwisho kwa ubao. Mikia miwili. Akampa. Shangazi aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, hakusema neno. Kijana wetu wa Leicester, baba wa yule mtoto, akatafuta kwenye simu yake, akapata picha, akaiweka kando ya mchoro. Ndege inaitwa Venom. Ilitengenezwa Uingereza na kampuni ya de Havilland, injini moja ya jeti, rubani mmoja. Haikuwa ya jeshi la Sultani hata siku moja. Ilikuwa ya Waingereza wenyewe, na ndiyo maana askari wetu hakuijua.

Kisha Ami akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya nibadilishe taarifa yangu. Alisema: "Mimi nimeijua tangu mwaka 1974, Dada. Niliiona ndani ya kitabu cha mafundi, Salalah. Nilifunga kitabu."

Ndugu zangu, kumbukeni kwamba mtoto wa kwanza kumwita Shangazi Mikia Miwili, mwaka 1958, alikuwa ni Ami, naye ana miaka saba. Kwa miaka hamsini na ushei hawa wawili wamekula sinia moja Idi kwa Idi, wamezikiana wazazi, wameozeshana watoto. Alipotakiwa aseme kwa nini alinyamaza, alijibu kwamba ilikuwa wakati wa vita, yeye mchana anafunga roketi chini ya bawa, na huko zinakokwenda kuna milima na watu na mbuzi. Angewezaje kurudi nyumbani kwa likizo akamwambie Dada yake, ulisema kweli? Akanyamaza mwaka mmoja, ukawa miwili, kisha ikawa aibu ya kunyamaza imekuwa kubwa kuliko jambo lenyewe.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Ungeniambia tu, mdogo wangu." Akaomba kahawa. Akaikunja ile karatasi akaitia ndani ya mkoba, na hadi leo hajairudisha.

Sasa niwaeleze kwa ufupi mambo yalivyokuwa, hasa kwa vijana ambao skuli zao za Ulaya hazifundishi haya. Mwaka 1957 Imam Ghalib bin Ali al-Hinai na wafuasi wake waliinuka dhidi ya Sultan Said bin Taimur, na Sultani akaomba msaada wa Waingereza. Mwishoni mwa Julai mwaka ule, baada ya kumwaga karatasi za onyo, ndege za Venom zilizotoka Sharjah zilizipiga kwa roketi ngome za Izki, Nizwa, Tanuf, Birkat al Mawz na nyinginezo. Tanuf baadaye ukabomolewa, na mpaka leo ni magofu ya udongo kando ya wadi, watalii wanashuka kupiga picha. Wapiganaji wakapanda Jabal Akhdhar na vita vikaendelea hadi mwisho wa Januari 1959. Baina ya Julai na Disemba 1958 peke yake ndege za Kiingereza ziliruka kwenda kushambulia mara 1,635, zikaangusha tani 1,094 za mabomu na kurusha roketi 900, na zilizopigwa zilikuwa pamoja na vijiji vya mlimani, mifereji ya maji na mazao. Sikusimama hapa kuhukumu nani alikuwa na haki. Wote wamekwenda mbele ya Hakimu asiyedhulumu, na nchi hii tangu mwaka 1970 imewakusanya watoto wa pande zote mbili, tukiwemo sisi. Lakini hesabu ni hesabu. Ndugu yetu wa Nairobi alinikumbusha kwenye basi kwamba babu wa mkewe alikuwa mpishi Eastleigh miaka ya 1953 hadi 1955, wakati ndege za Lincoln zilipokuwa zikitoka hapo kwenda kupiga mabomu misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Naye alikuwa akisimulia, na naye hapakuwa na aliyeandika.

Tulipokuwa tunarudi, baada ya Quriyat, Shangazi alianza kusema mwenyewe. Sikumwuliza. Nilitoa daftari langu, tabia ya kazi haiishi.

Alisema karatasi zilianguka mchana, watoto wakazikimbilia wakidhani ni za kuchezea, na yeye akatengeneza mashua akaiweka kwenye falaj. Baba yake akamnyang'anya watoto zote akazisoma, uso ukabadilika. Usiku ule walilala pangoni, juu ya wadi, na punda, na mbuzi, na majirani. Ndege zilipokuja waliziona kutoka juu, zinapita chini yao ndani ya bonde, na ndiyo sababu aliona ile mikia vizuri. Mtu aliyesimama chini, alisema, angeliona tumbo tu. Nyumba yao haikuanguka siku ya kwanza. Ilianguka kidogo kidogo.

Kutoka hapo walitembea. Baba yake hakutaka kupanda mlimani kwa sababu ya watoto, akashika njia ya Sharqiyah, kwa jamaa, kituo kwa kituo, mpaka wakafika hapa Sur kungojea kaskazi. Vijana mmeiona Fath al Khair pale penye makumbusho ya bahari, jahazi lililoundwa hapa Sur mwaka 1951 na kurudishwa nyumbani kutoka Yemen mwaka 1993. Jahazi alilopanda Shangazi lilikuwa la namna ile ile.

Na hapa Sur lilitokea jambo moja ambalo sikulijua. Watu wa Sur walikuwa wamezoea ndege. Tangu Vita Vikuu vya Pili Waingereza walikuwa na uwanja Ras al Hadd, na Masirah walikaa mpaka mwaka 1977. Kutoka viwanja vya pwani hii ndege zilikuwa zikitafuta nyambizi za Wajerumani. Tarehe 16 Oktoba 1943 mojawapo ilizamishwa katika Ghuba ya Oman, na kati ya watu 53 aliokoka mmoja tu, akaogelea saa 28 hadi Khor Fakkan. Kwa hiyo mwaka 1958 mtoto wa Sur akisikia ndege hainui kichwa. Shangazi alikuwa ufukweni na watoto wa wenyeji wao, ikapita ndege, ya abiria au ya mizigo, Mungu ndiye ajuaye. Akaingia chini ya mashua iliyopinduliwa, akakaa humo mpaka Magharibi. Watoto wakamcheka. Anasema hao ndio waliokuwa wa kwanza. Wa Unguja walikuwa wa pili.

Basi lilipokaribia Qalhat alinyamaza, akalala.

Sasa nimefikia shauri langu, nalo ni la kiofisi. Mwaka 2009 Jumuiya hii ilinipa kazi ya kuandika kijitabu cha nasaba yetu. Katika ukurasa wa 17, chini ya jina la Shangazi, nimeandika hivi: "Alifika Unguja mwaka 1958 kwa matembezi, akabaki." Maneno hayo ni yangu. Sikumwuliza mwenyewe, ingawa alikuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Niliona yanatosha, tena yanapendeza.

Namwomba Katibu ayafute, na mahali pake pasomeke: "Alizaliwa Tanuf. Mji wao ulipigwa kwa ndege za Venom za Uingereza mwezi wa Julai 1957, naye aliziona kwa macho yake. Aliondoka na wazazi wake kwa miguu hadi Sur, akasafiri kwa jahazi kwa pepo za kaskazi, akafika Unguja mwaka 1958. Alisimulia aliyoyaona, na hakusadikiwa." Ami ameomba chini yake litiwe jina lake, kuwa yeye ni shahidi wa aina ya ndege. Nimeliweka.

Jana baada ya Isha nilimsomea Shangazi sahihisho hilo. Alisikiliza, akaniambia nirudie. Kisha akasema limepungua jambo moja: niandike kwamba siku walipoondoka Tanuf, falaj ilikuwa bado inapitisha maji. Nimeongeza. Chupa za maji zilizo mezani kwenu, mkizitazama ubavuni, baadhi yake zimeandikwa jina la mji huo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wali uko tayari, na Shangazi ameomba asiulizwe chochote kabla hajala.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.